Gia 21, gia 10 au gia 12: ipi itakupandisha kilima cha Mkoani?

Ukishuka botini Mkoani, kinachokupokea kwanza ni mpando. Bandari iko chini, mji uko juu, na baina yao hapana pa kupashia miguu moto. Kichwa bado kinayumba kwa mkondo wa Nungwi, nyuma kwenye keria umefunga begi na ndoo ya rangi uliyotumwa na shemeji, na lami imejiinua mbele yako. Hapo ndipo baskeli inaposema kweli. Nimewaona wengi wakishuka na kusukuma, na baskeli zao zimeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kwamba zina gia 21.

Na mimi nimesukuma hapo, si mara moja. Tangu siku hizo nimepitia aina tatu za gia katika vilima hivi vya Pemba, na swali ninaloulizwa barazani ni lile lile. Nibaki na sproketi (magurudumu ya meno) tatu mbele na saba nyuma? Niweke moja mbele na kaseti pana (fungu la sproketi za nyuma) ya nane, tisa au kumi? Au nidunduize mpaka nipate ya kumi na mbili? Jibu moja la kumtosha kila mtu sina. Anayeuliza kutoka Micheweni hapandi vilima vya mtu wa Mkoani, na wa Jambiani kule Unguja hana kilima hata kimoja, ana upepo. Ila ipo namna ya kupima, na ukishaijua hutababaishwa tena na idadi.

Hesabu ya chaki

Geuza baskeli chini juu. Chukua chaki, tia alama jino moja la sproketi ya mbele, kisha hesabu kwa kidole mpaka urudi kwenye alama. Fanya hivyo kwa sproketi ndogo kabisa ya nyuma na kubwa kabisa ya nyuma. Sasa ya mbele igawe kwa ya nyuma, halafu zidisha kwa mzunguko wa gurudumu. Unachopata ni mita ambazo baskeli inakwenda kila pedeli ikizunguka mara moja: mita zikipungua, gia ni nyepesi.

Mzunguko wa gurudumu unaupima vilevile kwa chaki: alama kwenye tairi, alama sakafuni, sukuma mpaka alama ya tairi irudi chini, pima kwa tepu. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi nene ya mlima huwa karibu mita 2.07, la 27.5 karibu 2.18, la 29 karibu 2.29. Kwa hiyo mwenye gurudumu la 29, meno 32 mbele na 32 nyuma, anakwenda mita 2.29 kwa kila mzunguko wa pedeli.

Namba hizo zinasema nini mguuni? Kwa wepesi wa mita 1.5 au chini yake, mtu wa kawaida mwenye mzigo wa kawaida anapanda vilima vyetu vingi akiwa amekaa kitini. Ukinyonga mizunguko 60 kwa dakika kwa mita 1.46, mwendo wako ni kama kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi sala. Wepesi zaidi ya hapo una faida ndogo, maana mwenye kutembea atakupita. Kwenye mita 1.8 mwenye miguu mizuri na keria tupu bado anapanda. Ikifika 2 na kuendelea, mpando mkali utakushusha. Jirani yangu ana Phoenix ya gia moja, nikaihesabu: 48 mbele, 20 nyuma, gurudumu la 28. Inatoka mita 5.3 hivi. Ndiyo maana wenye polo za makonyo ya karafuu utawakuta kilimani wanakwenda kwa miguu, mkono mmoja usukani na mwingine kwenye mzigo. Si wavivu wale.

Mambo ya kuangalia

La kwanza ni huo wepesi wa mpandoni. La pili ni pengo baina ya gia moja na inayofuata, jambo ambalo watu hawaliulizi na ndilo linalochosha tambarare. La tatu ni namna gia zinavyovumilia chumvi, mchanga na udongo mwekundu uliorowa. La nne, mzigo. La tano, fundi: je, yupo anayeijua, na kipuri kikivunjika kitapatikana mjini au mpaka kivuke bahari? Bei sitaziandika, kwani zinapanda na kushuka na boti. Nitasema tu ipi ghali kuliko ipi.

Tatu mbele, saba nyuma

Huu ndio mpangilio wa baskeli nyingi za mtumba na za dukani za bei ya chini. Mbele kwa kawaida ni meno 42, 34 na 24. Nyuma ni friwili, fungu la sproketi linalofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kama kifuniko cha chupa.

Friwili hizo za saba zina sura mbili ambazo kwa mbali huzitofautishi. Moja ni ya meno 14 hadi 28, nyingine ni ya 14 hadi 34. Kwenye gurudumu la 26, ukitumia sproketi ndogo ya mbele, ya kwanza inakupa mita 1.77 na ya pili mita 1.46. Yangu ilikuwa ya 28. Miaka miwili nilijilaumu kwamba sina mapafu, mpaka fundi mmoja wa Chake, mzee wa makamo, akahesabu nyuma kwa kucha yake nyeusi ya oili, akaniambia, “Mwanangu, miguu yako haina kosa. Mwenye kosa huyu hapa.” Akaifungua friwili kwa pigo moja la spana ndefu, akaweka ya 34, akaongeza viungo vya cheni. Wiki hiyo hiyo nikapanda Mkoani nimekaa.

Upande mzito ni mita 6.21, na ukinyonga mizunguko 90 kwa dakika unafika kilomita 33 na ushei kwa saa. Kwa barabara zetu zenye kona na mbuzi, inatosha.

Pengo ndilo tatizo lake. Friwili ya 34 inakwenda 14, 16, 18, 20, 22, 24, halafu ghafla 34. Zile za mwanzo zimekaribiana vizuri sana, lakini kutoka 24 kwenda 34 ni kama kukanyaga ngazi iliyokosa kidato: mguu uliokuwa ukisukuma kwa nguvu unajikuta unazunguka bure. Nyingine katika hizo 21 ni majina tu. Mbele 34 nyuma 20 ni uwiano wa 1.70, mbele 24 nyuma 14 ni 1.71, mbele 42 nyuma 24 ni 1.75. Gia tatu hizo, kazi moja.

Chumvi sasa. Cheni yake ni nene, kama milimita 7 kwa upana, na haina makuu. Kinachokufa ni dereila ya mbele, ule mkono unaohamisha cheni baina ya sproketi tatu. Iko chini, inakusanya tope lote la masika, na waya wake unaota kutu ndani ya kava. Siku moja inagoma. Watu wengi hapo hawaitengenezi, wanaiacha cheni kwenye sproketi ya katikati na maisha yanaendelea. Basi wamebakiwa na gia saba tu, na nyepesi yao ni 34 kwa 34, yaani mita 2.07. Nadhani nusu ya baskeli za gia 21 ninazoziona zikisukumwa ziko katika hali hii. Waya mpya na kava lake jipya ndio dawa, na ni vitu vya bei ndogo.

Mzigo: hapa friwili ina udhaifu wa kuzaliwa nao. Kwa kuwa imefungwa nje ya habu, gololi za upande wa kulia zimebaki ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli hakina cha kukishika. Ukipiga mashimo na polo la karafuu nyuma, ekseli inapinda, na siku ikichoka inakatika. Fundi anayo nyingine kibandani, ni kweli, lakini haikatikii mlangoni kwake.

Kwa fundi, haina mshindani. Hapana kijiji chenye fundi ambaye hajawahi kuifungua.

Moja mbele, nane hadi kumi nyuma

Hapa friwili imeondoka, imekuja kaseti. Tofauti si jina tu. Kaseti inavaa juu ya habu yenye mifereji, na mtambo wa kuzunguka bure uko ndani ya habu yenyewe, gololi zikiwa karibu na fremu. Ekseli haipindi ovyo. Hujui yako ni ipi? Toa gurudumu, zungusha sproketi kinyumenyume huku ukitazama pale spana inapoingia. Pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakitulia, ni friwili.

Habu ya kawaida ya kampuni ya Shimano ya mfumo wa Hyperglide inapokea kaseti za nane, tisa na kumi bila ya kubadilishwa, na ndiyo iliyoenea katika baskeli za mtumba za daraja la kati. Ukishakuwa nayo mlango umefunguka.

Ila kuna kosa ninaloliona kila mwaka. Kijana kasikia kuwa sproketi moja mbele ndio mtindo, anang'oa zote tatu, anaweka moja ya 32, na nyuma anaiacha kaseti yake ya nane ya 11 hadi 34. Kwenye gurudumu la 27.5 amejipatia mita 2.05. Kauza gia yake nyepesi akanunua sura.

Ukitaka kuondoa mbele lazima upanue nyuma. SunRace wana kaseti ya nane ya 11 hadi 40, na kwa 32 mbele inakupa mita 1.74, kwa 30 mbele mita 1.64. Si mbaya kwa mwenye keria tupu. microSHIFT, katika seti yao ya Advent X, wana ya kumi ya 11 hadi 48, inayovaa habu hiyo hiyo, na kwa 32 mbele inakuteremsha mpaka mita 1.45. Upande mzito wa zote mbili ni mita 6.34 kwa sproketi ya 32.

Shimano nao mwaka 2023 walitoa seti za CUES, za tisa, kumi na kumi na moja, zenye meno ya mtindo wa Linkglide yaliyotengenezwa manene ili yachelewe kulika. Kwa mtu wa pwani hilo ni la kusikilizwa. Sharti lake moja: shifta (kibadilishio cha gia cha usukani) na dereila za Linkglide haziongei na za Hyperglide. Usinunue nusu huku na nusu kule ukidhani fundi atazipatanisha.

Pengo baina ya gia inategemea ni ngapi. Ile ya nane inakwenda 11, 13, 15, 18, 22, 28, 34, 40. Kutoka 22 kwenda 28 utaisikia ukiwa tambarare na upepo wa kusi umekushika kifuani: moja nzito mno, nyingine nyepesi mno, na unayoitaka haipo. Ile ya kumi inakwenda 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 34, 40, 48. Hapo katikati imejazwa, na mguu unaona tofauti.

Katika chumvi na tope, faida kubwa ni kwamba dereila ya mbele haipo. Kitu kisichokuwepo hakioti kutu. Shifta ni moja, waya mmoja. Lakini sproketi hiyo moja iwe ya meno mapana na membamba yakipishana, la sivyo cheni itakuwa inaruka nje kwenye mizizi ya msitu wa Ngezi, na bora zaidi dereila ya nyuma iwe na klachi ya kuikaza cheni.

Kwa fundi, ya nane ni rahisi, kwa sababu cheni yake ni ile ile ya saba na inapatikana. Ya tisa na ya kumi, uliza kwanza. Na kabla hujanunua kaseti yoyote pana, tazama dereila uliyonayo inakomea wapi. Nyingi za bei nafuu hukomea meno 34. Mafundi wengine huikaza skrubu ya nyuma mpaka mwisho wakailazimisha ya 40 ikubali. Inakubali, na huku inalia.

Gharama ni ya katikati. Ukibadilisha baskeli iliyopo, hesabu vitu vinne: kaseti, cheni, dereila na sproketi ya mbele, na mara nyingi shifta ni cha tano.

Moja mbele, kumi na mbili nyuma

SRAM walianza na moja mbele kumi na moja nyuma mwaka 2012, wakafika kumi na mbili mwaka 2016 kwa seti za Eagle. Shimano walifuata mwaka 2018 kwa XTR, na mwaka 2020 wakaishusha mpaka daraja la Deore, ambapo watu wa mifuko kama yetu wanaweza angalau kuitazama. Zinatufikia zaidi kwa mtumba kutoka Ulaya, au mtu akiwa na ndugu huko.

Kaseti zake zina namna mbili kubwa. Ya 11 hadi 50, kama ile ya SRAM NX, inavaa habu ya kawaida. Ya 10 hadi 51 ya Shimano haivai, inataka habu ya mifereji midogo iitwayo Micro Spline. Zipo pia za SRAM za 10 hadi 52 zinazotaka habu ya XD. Jino hilo moja la chini, kutoka 11 kwenda 10, ndilo linalokulazimisha kununua habu nzima, kwa hiyo jiulize kama unalihitaji.

Sasa tazama hesabu. Gurudumu la 29, mbele 32, nyuma 50: mita 1.47.

Rudi juu uangalie. Friwili ya zamani ya 34 kwenye gurudumu la 26 ilitoa mita 1.46. Kaseti ya kumi ya 48 kwenye 27.5 ilitoa 1.45. Zote tatu zinapanda kilima kile kile kwa mguu ule ule! Nilipoiona hesabu hii kwa mara ya kwanza nilirudia kuhesabu meno, nikidhani nimeruka jino. Gurudumu kubwa la kisasa limeila sehemu ya faida ya kaseti kubwa. Kwa hiyo anayenunua kumi na mbili ili apande kilima kilichomshinda, na anayo tayari friwili ya 34 na dereila ya mbele inayofanya kazi, atapata vitu vingi vizuri, lakini hicho alichokifuata anacho nyumbani.

Vizuri vyenyewe ni hivi. Pengo: 11, 13, 15, 17, 19, 22, 25, 28, 32, 36, 42, 50. Hakuna ngazi iliyovunjika. Unabadilisha mpandoni kwa kidole gumba na cheni inapanda kama imepakwa samli. Uzito wa juu ni mita 6.66 kwa ya 11, na 7.33 kwa ya 10, kwa sproketi ile ile ya 32. Na gurudumu la 29 linapita juu ya mawe ya maweni na mizizi kwa utulivu ambao 26 hauna, ingawa hiyo ni sifa ya gurudumu wala si ya gia.

Mzigo inabeba, habu yake haina tabia ya friwili.

Chumvi na mchanga, hapana. Cheni yake ina upana wa milimita 5 na robo hivi, na sproketi zimebanana. Mchanga uliokuwa unapita katika gia saba hapa unakaa. Jioni moja ya bamvua nilikwenda pwani ya Vumawimbi, maji yametoka mpaka mbali, mchanga mgumu kama sakafu, raha isiyosemeka. Sikuosha baskeli usiku ule. Asubuhi cheni ilikuwa ya rangi ya mdalasini na ilisaga kama kinu cha kahawa.

Na marekebisho yake ni ya unywele. Mwaka juzi niliipandisha yangu juu ya chai maharage, gari la abiria, kutoka Konde, ikalaliwa na gunia la muhogo. Kikono kinachoshikilia dereila kikapinda kidogo tu, huoni kwa jicho. Kwenye gia saba usingejua. Kwenye kumi na mbili, gia tatu za juu zikawa zinapanda na kushuka zenyewe. Kikono chenyewe ni kipande cha bati cha ukubwa wa kidole, lakini kila fremu ina chake, na changu kilikuja baada ya mwezi na ushei, kupitia kwa watu watatu. Tangu hapo natembea na cha akiba, nimekifunga kwa mpira chini ya kiti. Cheni ya akiba pia ninayo ndani ya kabati, pamoja na vyombo vya wageni.

Gharama, ni ghali kuliko zote, na kaseti peke yake inaweza kulingana na baskeli nzima ya aina ya kwanza.

Mbili mbele, kwa ufupi

Ukiiona baskeli ya mtumba yenye mbili mbele, 36 na 22, na kaseti ya kumi ya 11 hadi 36, usiipite. Kwenye gurudumu la 27.5 inakwenda kutoka mita 1.33 mpaka 7.13, na gia zake zimekaribiana. Imepitwa na mitindo, ndiyo maana inauzwa bei ya kutupa. Dereila ya mbele bado ipo na kutu yake bado ipo, lakini mwenye kuitunza hapungukiwi.

Kabla ya kaseti, sproketi ya mbele

Kwa wenye moja mbele, njia ya bei ndogo ya kubadilisha kila kitu ni kubadilisha hiyo moja. Kutoka 32 kwenda 30, gia zote zinakuwa nyepesi kwa asilimia 6. Kwenye kaseti ya 10 hadi 51 na gurudumu la 29 unashuka mpaka mita 1.35, na juu bado una 6.87. Ukinyonga 90 hiyo ni kilomita 37 kwa saa. Nani anakwenda 37 kwa nguvu za miguu barabara ya Chake na Wete, labda awe anateremka, na akiteremka hanyongi. Ukienda upande wa pili, kwa 34 au 36, angalia kwanza kama haitagusa fremu.

Rula ya mtoto wa skuli

Hapa ndipo pesa zinapookolewa, uwe na gia zozote. Cheni ikichoka inarefuka, na ikirefuka inakula meno ya kaseti. Chukua rula ya sentimita 30 ya mtoto wa skuli, kaza cheni, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini ishirini mbele yake. Ikiwa mpya, pini ya ishirini inakaa kwenye milimita 254. Kwa gia kumi na moja na kumi na mbili, ikipita kidogo tu 255 badilisha cheni. Kwa nane, tisa na kumi unaweza kusubiri mpaka 256. Ukizidi hapo, siku utakayoweka cheni mpya itaruka juu ya meno yaliyolika, na itaruka mpandoni, pale umesimama kwenye pedeli na uzito wako wote. Nina kovu la goti la kukuonyesha.

Na oili chafu ya gari, jamani. Najua ni ya bure na fundi anaimimina kwa mapenzi. Kwa baskeli ya gia moja yenye cheni iliyofunikwa, haidhuru. Kwa kaseti, inashika mchanga na kuwa msasa. Osha cheni kwa mafuta ya taa, ikauke, tia mafuta mepesi tone moja kila kiungo, futa ya nje yote kwa kitambaa.

Kwa hali yako

Uko Mkoani, Chake au Wete, baskeli ndiyo usafiri wa kazini, na ikilala siku mbili umepoteza siku mbili: tatu mbele saba nyuma, friwili ya 14 hadi 34, na kila masika waya mpya wa dereila ya mbele. Ukibeba mizigo mizito kila siku, tafuta gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti kwanza, gia zifuate baadaye.

Unakwenda mashamba na njia za Ngezi mwisho wa wiki, na Unguja unafika mara kwa mara kuchukua vipuri: moja mbele 32, nyuma kumi ya 11 hadi 48. Ukipata Linkglide kamili, sawa pia.

Unaishi Jambiani, Paje au Makunduchi: usijitwishe kaseti ya 50. Adui wako ni kusi na kaskazi, na dhidi ya upepo unataka gia zilizokaribiana. Kaseti ya nane ya 11 hadi 32, inayokwenda 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 32, inakutosha na 34 au 36 mbele. Siku ukija Pemba kutembea, uje na moyo wa kusukuma kidogo.

Unashindana au unafanya mazoezi ya kweli, unaosha baskeli kila ukirudi, na una mtu wa kukuletea vitu kutoka nje: kumi na mbili, ya 11 hadi 50 kwa habu ya kawaida, na cheni mbili na kikono cha akiba viwe ndani siku ile ile unayoinunua.

Mtoto wa miaka kumi na tatu anayekwenda skuli kilima kimoja mbali: hesabu meno ya alichonacho. Huenda ni friwili ya 28 tu.

Na wewe unayetaka kukodisha baskeli kwa wageni, Kigomasha au Nungwi: moja mbele ya 30, nyuma nane ya 11 hadi 40, zote ziwe za aina moja ili cheni na shifta ziingiliane. Mgeni ataiingiza baharini, usimkataze, hatasikia. Weka tu ndoo ya maji baridi na kitambaa pale zinaporudishwa, na kijana wa kuziosha kabla ya magharibi.